Mume wa Ala Mbili

Vendelin Kutnjak alikuwa msafisha dohani wa mji wa Srednje Vrbje, na watu walimpenda kwa sababu ya masizi yake. Huko Slavonia, mashariki ya Kroatia, ukikutana na msafisha dohani asubuhi, unashika kifungo cha shati lako na kunuia jambo, na jambo litakuwa. Basi Vendelin akipita na brashi lake begani, mtaa mzima ulishika vifungo: mwenye kesi mahakamani, mwenye binti asiyeolewa, mwenye nguruwe mgonjwa. Yeye mwenyewe hakuwa na wa kumshikia kifungo. Aliwasalimia, akapanda ngazi, akaingiza kichwa kwenye dohani.

Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye masharubu yasiyokosa masizi hata Jumapili, na alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakujua kusema hapana. Ukimwambia Vendelin njoo, atakuja. Ukimwambia kaa, atakaa. Wakimjia watu wawili, mmoja akimwambia njoo na mwingine akimwambia kaa, atawaambia wote wawili sawa, kisha atatokwa na jasho.

Ugonjwa huo ndio uliomfanya awe mpigaji wa ala mbili. Klarineti aliachiwa na baba yake, aliyeipiga katika bendi ya tarumbeta ya wazimamoto wa kujitolea mpaka pumzi zilipomwishia. Berde aliachiwa na mjomba wake, ndugu wa mama. Berde ni mama wa tambura zote, ala za nyuzi za huko: ni gitaa kubwa kama kabati la nguo, linalosimamishwa wima na kucharazwa, likitoa sauti nene ya chini inayozibeba zile ndogo mgongoni. Baba akiwa kitandani alimwambia, "Bendi usiiache." Mjomba akiwa kitandani, kitanda kingine, mwaka mwingine, alimwambia, "Tambura usiziache." Vendelin aliwaambia wote wawili sawa.

Klarineti iliingia kwenye mfuko wa koti. Berde ilifungwa kwa kamba juu ya gari lake kuukuu aina ya Yugo, na likipita kwa mbali ungedhani limebeba maiti ya mtu mnene. Mkewe, Jagoda, aliziita ala hizo wake wenza.

"Leo unakwenda kwa nani?" angeuliza akimwona anapiga pasi shati. "Kwa bi mkubwa au kwa bi mdogo?"

"Leo zamu ya bi mkubwa."

"Basi mfunge vizuri. Juzi alitaka kukukimbia pale kwenye kona ya kanisa."

Sasa ingekuwa mji mwingine, mtu kupiga ala mbili si jambo. Lakini huu ulikuwa mji wa Srednje Vrbje. Zamani, kabla ya vita, wapiga tarumbeta na wapiga tambura walikuwa chama kimoja, chenye bendera moja na chumba kimoja cha mazoezi. Siku moja akaitwa mpiga picha awapige picha ya pamoja, na hapo likazuka swali la nani asimame mbele. Wa tarumbeta walisema ni wao, kwa sababu ala zao zinang'aa. Wa tambura walisema ni wao, kwa sababu wana akina mama. Mpiga picha alingoja, akanywa bia, akangoja tena, akaenda zake. Picha hiyo haijapigwa mpaka leo. Chama kilivunjika, bendera ikakatwa katikati kwa mkasi, na chumba cha mazoezi kikajengewa ukuta. Ukuta ukajengwa kwa tofali jembamba, maana aliyepewa kazi alikuwa na haraka ya kwenda kuvuna. Kwa hiyo kila Alhamisi bendi na tambura walifanya mazoezi saa zilezile, kila upande ukiusikia mwingine, na kila upande ukiongeza sauti ili usiusikie.

Bado hilo lisingemsumbua sana Vendelin, angewagawia Alhamisi kwa zamu kama alivyozoea. Shida ilikuwa Ireland. Vijana wa Slavonia walipofunguliwa mlango wa Ulaya walitoka kama ng'ombe waliosahauliwa zizini. Mpiga klarineti wa pili alikwenda Dublin. Wapiga berde wawili walikwenda Cork. Huko Dublin, watu walisema, kuna kikundi cha tambura kizuri kuliko cha nyumbani. Huku nyumbani alibaki Vendelin, klarineti pekee ya bendi na berde pekee ya tambura, na pande zote mbili zikaanza kumtazama kama mume anayechelewa kurudi.

Kiongozi wa bendi alikuwa Ignac Šimara, stesheni masta mstaafu. Aliongoza muziki kama alivyowahi kuongoza treni: aliinua mkono, akauteremsha, na kilichoondoka kimeondoka, aliyebaki kwenye jukwaa la abiria shauri yake. Kiongozi wa tambura alikuwa Mwalimu Zdenka Benčević, aliyemfundisha nusu ya mji kusoma na kuandika, na ambaye hakuamini kwamba kazi hiyo imekwisha. Vendelin alikuwa na wajukuu, lakini mbele ya Mwalimu Zdenka mikono yake ilijificha mgongoni yenyewe, kama bado ina wino.

*

Mambo yaliharibika mwaka ule paa la Ukumbi wa Utamaduni lilipojengwa upya. Meya Kruno Lovrak hakuwa amelijenga yeye, fedha zilitoka Ulaya, lakini alikuwa amesimama chini yake mara nyingi akipigwa picha, na uchaguzi ulikuwa unakaribia. Akaamua kufanya tamasha kubwa la ufunguzi, na mgeni rasmi atoke Zagreb, mji mkuu, wizarani kabisa. Na kwa kuwa neno alilolipenda msimu ule lilikuwa "umoja," akaamua bendi na tambura wapige siku moja, jukwaa moja, kwa mara ya kwanza tangu ukuta ujengwe.

Kikao cha kupanga nani aanze kilichukua siku tatu. Ignac alitaka kuanza, kwa sababu wa kwanza ndiye mkubwa. Mwalimu Zdenka alitaka Ignac asianze, kwa sababu hiyohiyo. Mwishowe Meya alipata hoja.

"Wazimamoto waanze," alisema, "maana moto ukizuka mahali itabidi waondoke."

"Na sisi tuje mwisho?" aliuliza Mwalimu Zdenka.

"Mwalimu, kitu cha mwisho ndicho mtu anachoondoka nacho kichwani."

Mwalimu akalitafakari hilo, akaliona tamu, akakubali. Ignac naye alikuwa keshasikia neno "waanze" na hakusikiliza zaidi. Wakapeana mikono kupitia kwa Meya, yaani Ignac alimpa Meya mkono wa kulia na Mwalimu akampa Meya mkono wa kushoto.

Meya alipoona amefaulu, akaharibu. "Na mwisho kabisa," alisema, "mtapiga wote pamoja. Wimbo wa umoja. Shemeji yangu Teofil anautunga."

Teofil alikuwa mwalimu wa muziki katika mji wa jirani, mtu aliyesubiri maisha yake yote mtu amwombe kitu. Aliombwa wimbo mfupi, akaleta utenzi. Uliitwa "Vrbje, Kiota Chetu," ulikuwa na korongo wanaorudi, ngano inayokomaa, mto unaofurika na kupungua, na katikati yake klarineti ililia peke yake huku berde ikitembea chini mwanzo hadi mwisho bila kupumzika. Teofil hakuwa na habari kwamba klarineti na berde ni mtu mmoja. Hakuna aliyemwambia. Meya alijua, lakini akadhani muziki ni kama halmashauri, mtu anaweza kukaa kwenye kamati mbili.

Mazoezi ya wimbo wa umoja yalifanyika kila upande peke yake. Lilipotolewa wazo la kutoboa walau mlango mmoja ukutani, Ignac alisema ukuta ule unabeba dari, na Mwalimu Zdenka, kwa mara ya kwanza maishani, alikubaliana naye.

Alhamisi ya kwanza Ignac alimvuta Vendelin pembeni. "Vendo. Ule wimbo wa mwisho uko na sisi, sivyo? Mimi pale katikati bila klarineti nitakuwa nimesimama kama treni bila injini. Baba yako ananitazama kutoka juu, ujue."

"Sawa, maestro," alisema Vendelin.

Alhamisi ya pili Mwalimu Zdenka alimwita mbele. "Vendelin, simama wima ukizungumza na mimi. Wimbo wa mwisho unapiga berde. Sitaki kusikia habari za filimbi."

"Klarineti, Mwalimu."

"Nimesema sitaki kuzisikia."

"Sawa, Mwalimu."

Alirudi nyumbani akamkuta Jagoda ametandaza jikoni donge la unga wa strudel, keki ya kukunja, jembamba kiasi kwamba meza ilionekana chini yake. Akamweleza. Jagoda aliacha kuvuta unga.

"Wewe ukamjibu nini Ignac?"

"Sawa."

"Na Mwalimu?"

"Sawa."

"Mungu wangu. Sasa siku hiyo utafanyaje?"

Vendelin alikaa kwenye kiti. "Nilidhani labda mmoja wao atakufa," alisema kwa upole, bila ubaya wowote.

"Ignac ana moyo wa ng'ombe, na Mwalimu haendi popote kabla hajasahihisha madaftari yote. Nenda kawaambie, mume wangu. Simama mlangoni, sema: watu wazima, mimi nina mdomo mmoja na mikono miwili, chagueni."

"Nitawaambia."

Hakuwaambia. Alhamisi ya tatu alifika na neno likiwa mdomoni kabisa, lakini Ignac alimpokea kwa kumkumbatia, na upande wa pili Mwalimu alikuwa amemwokea keki ya walnut. Mtu anakula keki ya watu kisha aseme hapana?

*

Tamasha lilikuwa Jumapili alasiri ya mwezi wa Juni, joto la kuoka. Paa jipya lilikuwa zuri sana ila lilikuwa la bati. Watu walijaa mpaka madirishani, wakijipepea kwa karatasi zenye picha ya Meya. Mgeni wa Zagreb aliketi mbele, kijana nadhifu aliyeangalia simu yake kwa heshima kubwa, na alipoinua macho alitabasamu kama mtu anayetabasamia mji mwingine.

Kwa kuwa hakutakuwa na nafasi ya kubadili nguo, Vendelin alivaa zote. Ndani alivaa vazi la tambura: shati jeupe la darizi na suruali pana ya kitani. Juu yake akavaa sare ya wazimamoto: suruali ya sufu, koti la bluu lenye vifungo vya shaba, kofia. Akiwa mtu mwembamba alionekana ghafla ameshiba. Njiani bibi mmoja alimwuliza Jagoda kama mumewe ameanza kutumia dawa za moyo.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Bendi ilipiga machi mbili na waltz moja, na kwenye ile waltz palikuwa na mahali pa klarineti. Vendelin alipoanza kupuliza alisahau joto, alisahau sufu. Klarineti ilikuwa kinywa chake cha pili, na tofauti na kile cha kwanza, hiki kilisema kilichotaka. Kilibisha, kilitania, kilikataa. Jagoda, safu ya nne, aliacha kujipepea. Alifikiri, kama alivyowahi kufikiri mara nyingi, kwamba angemwelewa mumewe zaidi kama angeolewa na mtu aliye ndani ya ala ile.

Kisha akatoka mbio nyuma ya pazia, akavua koti na suruali ya juu huku vifungo vya shaba vikiruka, na akatokea upande wa pili amebeba berde, shati la darizi limegandamana mgongoni kama karatasi kwenye siagi. Watu walicheka na kumpigia makofi. Ignac, ambaye sasa alikuwa ameketi pembeni, hakupiga.

Berde ilikuwa mambo mengine. Kwa klarineti Vendelin alizungumza. Kwa berde alisikiliza. Alisimama nyuma ya lile kabati, mkono mmoja juu, mwingine chini, na kila alipocharaza, mbao zilitetemeka kifuani mwake, na akina mama wa tambura ndogo walikimbia na kurudi juu ya sauti yake bila hofu, kama watoto kwenye sakafu wanayoijua. Hakuna aliyemtazama. Hilo ndilo alilolipenda.

Laiti tamasha lingeishia hapo.

Meya alipanda, akasema neno "umoja" mpaka likachakaa, akawaita wote jukwaani. Wa tarumbeta wakaketi kulia, wa tambura kushoto, na katikati wakaacha uchochoro mpana wa kupitisha mkokoteni. Viongozi wote wawili walipanda kwenye kile kijukwaa cha kuongozea, ambacho kilitengenezwa kwa mtu mmoja, wakasimama wakiwa wamepeana migongo kidogo kama watu wanaongoja mabasi tofauti.

Vendelin alisimama uchochoroni. Alikuwa amevaa koti la bluu juu ya suruali pana ya kitani, maana hakujua afanye nini. Berde imeegemea bega lake la kushoto. Klarineti iko mkono wa kulia. Ignac akamtazama, akaonyesha mdomo wake mwenyewe kwa kidole. Mwalimu akamtazama, akapandisha nyusi, na ilitosha.

Mikono minne ikainuliwa. Mikono minne ikashuka, lakini si kwa pamoja.

Vendelin alitia klarineti mdomoni. Akamwona Mwalimu anamtazama. Akashusha klarineti, akashika nyuzi za berde. Akamwona Ignac anamtazama. Akairudisha klarineti mdomoni, na mkono wa kushoto ukabaki kwenye berde, na hapo, akiwa amesimama hivyo, jasho likimwingia machoni, ukamjia mpango, kama unaweza kuuita mpango. Hakupuliza. Vidole vyake vilicheza juu ya klarineti bila kubonyeza kitu, na Ignac akageuka ameridhika. Kisha akapitisha mkono juu ya nyuzi za berde, kwa upana na kwa huzuni, umbali wa upana wa kidole kutoka kwenye nyuzi zenyewe, na Mwalimu akageuka ameridhika. Aliendelea hivyo kurudi na kwenda, mdomo huku, mkono kule, mashavu yakijaa upepo usiokwenda popote. Mahali klarineti ilipotakiwa kulia peke yake alifumba macho na kuyumba kwa uchungu. Palikuwa kimya kabisa mahali hapo. Watu wengine walitoa leso.

Wimbo nao ulikuwa umeshaachana. Ignac, mtu wa ratiba, aliondoka mapema. Korongo wake walikuwa wamekwisha kutua wakati korongo wa Mwalimu bado wako juu ya Afrika. Ngano ilikomaa upande mmoja na mto ukafurika upande mwingine. Tarumbeta zilimaliza, zikasimama, zikapigiwa makofi. Tambura zikaendelea ubeti mzima, zikamaliza, zikapigiwa makofi zaidi, kwa sababu sasa watu walikuwa na hakika kwamba kweli umekwisha. Teofil, mtunzi, alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili, na waliokaa karibu naye walidhani analia kwa furaha.

Mgeni wa Zagreb alisimama, akaweka simu mfukoni. "Sijawahi kusikia upatanifu wa namna hii," alisema kwenye kipaza sauti, na hakusema uongo.

*

Kwenye karamu nje ya ukumbi, vyungu vya čobanac vilikuwa vinachemka, nyama ya kulungu na ya nguruwe na paprika ya kutosha kumfanya mtu aungame. Vendelin hakuweza kula. Alijiona kama mwizi. Alikuwa bado ameshika sahani alipofika Ignac, akamshika mkono, macho yamelowa.

"Vendo, yule mwanamke alinichanganya, nilipotea kabisa. Nikajisemea: shika klarineti tu. Na niliisikia! Ilinivuta mpaka mwisho. Hujawahi kupiga hivyo. Baba yako mwenyewe hakuwahi."

"Maestro, mimi..."

"Usiseme kitu," alisema Ignac, akaenda kupakua.

Haukupita muda akaja Mwalimu Zdenka. Alimtengeneza Vendelin kola ya koti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu darasa la kwanza. "Yule mtu wa treni alikimbia kama anafukuzwa," alisema. "Berde yako ndiyo iliyotubeba. Kila noti niliisikia hapa." Akagusa kifua.

"Mwalimu, sikupiga."

"Nini?"

"Berde. Sikuipiga. Wala klarineti. Nilisimama tu."

Mwalimu, kitu cha ajabu, akacheka. "Angalia huyu! Unyenyekevu huo nilikufundisha mimi." Akawageukia wenzake. "Anasema hakupiga!" Wote wakacheka, na mmoja akamletea glasi ya mvinyo.

Meya alimwita mbele akampa ubao wa kumbukumbu, umechongwa vizuri, wenye maandishi ya dhahabu: *Kwa Vendelin Kutnjak, mpiga tarumbeta bora.* Tarumbeta ni ala ambayo Vendelin hakuwahi kuigusa maishani mwake. Akasema sawa, akasema asante, akapigwa picha.

Njiani kurudi nyumbani berde ilikuwa juu ya gari, klarineti mfukoni, ubao mapajani mwa Jagoda.

"Hukupiga," alisema Jagoda.

Vendelin almanusura alipeleke gari mtaroni. "Umejuaje?"

"Nakusikiliza kupitia ukuta wa jikoni tangu uliponioa. Nitakosaje kujua?" Akautazama ubao. "Lakini ulivyofumba macho pale katikati, mume wangu, niliogopa. Ulikuwa mzuri mno. Nikasema kumbe huyu mtu anaweza kudanganya."

"Iliniuma," alisema Vendelin. "Najua nimewadanganya mimi mwenyewe. Lakini ningependa mtu mmoja tu aseme: mbona hatukukusikia?"

"Basi mimi nimesema."

Wakafika kona ya kanisa. Jagoda alitoa mkono dirishani, akaishika berde kwa juu mpaka wakapita.

*

Alhamisi iliyofuata Vendelin hakuingia mlango wa kulia wala wa kushoto. Alisimama ukumbini, katikati ya milango miwili ya vyumba vya mazoezi, akamwita Ignac na akamwita Mwalimu, watoke. Walitoka wote wawili, kila mmoja akidhani mwenzake ameitwa kwa kusemwa. Vendelin alivua kofia. Mikono yake ilitaka kwenda mgongoni, akaizuia.

"Niliwaambia wote wawili sawa," alisema, "na haikuwa sawa. Kwenye wimbo wa mwisho sikupiga chochote. Sikupuliza, sikucharaza. Mimi si mpigaji wa ala mbili kwa wakati mmoja. Mkitaka niondoke nitaondoka, lakini jamani, mtu hatakiwi kupongezwa kwa kitu ambacho hakufanya mpaka usingizi umkatae."

Ignac alikunja paji. "Ngoja," alisema. "Hukupiga klarineti."

"Sikupiga, maestro."

"Lakini na berde pia hukupiga? Hata kidogo? Hata mwishoni, wale walipobaki peke yao?"

"Hata kidogo."

Uso wa Ignac ulifunguka kama dirisha. "Ah! Basi hakuna neno, Vendo. Hakuna neno kabisa."

Mwalimu Zdenka naye alikuwa amefikia hesabu ileile. "Ule mlio wa katikati," alisema polepole, "uliosifiwa na wapiga tarumbeta wote. Haukuwepo?"

"Haukuwepo, Mwalimu."

"Basi," alisema Mwalimu, akipangusa miwani. "Ungekuwa umewapigia wao, Vendelin, nisingekusamehe. Rudi darasani."

Wakarudi, kila mmoja mlango wake, wamefurahi kuliko siku ya tamasha. Nyuma ya ukuta mwembamba zikaanza machi na kolo, ngoma ya duara, zikipandiana juu. Vendelin alibaki ukumbini, klarineti mfukoni, hajui acheke au alie. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Alikuwa amejiandaa hata kusamehewa. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Halafu akajiona anacheka, peke yake, kwa sauti, na kilikuwa kicheko cha klarineti, cha kubisha.

Mwaka uliofuata Meya, aliyeshinda uchaguzi, alikuja mwenyewe mpaka chini ya ngazi. Vendelin alikuwa juu ya paa la mtu, nusu mwili ndani ya dohani.

"Ndugu Kutnjak! Mwaka huu tunakwenda na wimbo wetu mpaka Osijek! Teofil ameongeza sehemu ya tatu. Ameweka na akordioni! Nimemwambia wewe utaweza!"

Kutoka ndani ya dohani ikatoka sauti iliyozungushwa na tofali mpaka ikawa nene kama ya berde. "Hapana."

"Umesemaje?"

Vendelin alitoa kichwa, mweusi tii, meno yakionekana. Alionekana yeye mwenyewe ameshangaa. "Hapana, Bwana Meya," alirudia, kana kwamba analionja. "Nitapiga klarineti zamu yangu, nitapiga berde zamu yangu. Ule wimbo wa mwisho nitausikiliza."

Na huko Osijek ndivyo ilivyokuwa. Alipomaliza zamu zake mbili alishuka jukwaani, akaketi kando ya Jagoda aliyekuwa ameleta mbegu za maboga kwenye mfuko wa karatasi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwaona watu wa mji wake kwa mbele. Aliona jinsi Ignac anavyotanua mabega, na jinsi Mwalimu anavyohesabu kwa midomo. Wimbo ukaanza, mara mbili.

"Ni mbaya hivi siku zote?" alinong'ona baada ya korongo wa kwanza.

"Siku zote," alisema Jagoda. "Kula mbegu."

Wimbo ulipokwisha, pande zote, Vendelin alisimama akapiga makofi mpaka viganja vikamwasha.